Moto Mbali na Jua: Miezi ya Sayari Kubwa

Hotuba hii niliitoa mjini Kasese, magharibi mwa Uganda, Jumamosi moja jioni ya Februari 2026, mbele ya wanafunzi, wazazi na walimu. Naiweka hapa yote kwa ajili ya waliotaka kuja wakakosa usafiri. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, mama zetu, walimu wenzangu, nanyi vijana mliowahi viti vya mbele: hamjambo? Asanteni kwa kuja. Najua wako waliotoka Mpondwe, wako walioshuka kutoka Kilembe, na wapo wazazi waliofunga duka mapema ili wafike. Humu ndani tuko Wakonzo, Watooro, Wanyankole, Wasongora, na ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Kwa hiyo tutazungumza Kiswahili, asibaki mtu pembeni.

Nimekuja kuzungumza juu ya miezi. Si huu wetu mmoja tunaoujua tangu utoto. Nazungumzia miezi ya sayari nne kubwa: Mshtarii, Zohali, Uranusi na Neptuni. Dunia yetu ina mwezi mmoja. Mshtarii ina zaidi ya tisini. Zohali, kufikia Machi 2025, ilikuwa imehesabiwa miezi 274. Narudia: mia mbili sabini na nne! Mingi kati ya hiyo ni mawe ya kilomita chache tu, na sitawachosha nayo. Lakini iko michache ambayo kila mmoja ni ulimwengu kamili, wenye milima yake, hali yake ya hewa, na mwingine hata bahari yake.

Sisi walimu tumezoea kufundisha kwamba kilicho mbali na jua ni baridi, na kilicho baridi kimekufa. Watoto wanaandika, wanakariri, wanafaulu. Miezi hii inatukatalia. Jua liko mbali, na moto upo. Jua liko mbali, na maji yanachemka. Hilo ndilo neno langu la leo, na nitalirudia mpaka mlichoke.

Nianze na mlima wetu. Rwenzori uko hapo nyuma ya ukumbi huu, na kilele cha Margherita kina urefu wa mita 5,109. Juu yake kuna barafu, ingawa inapungua mwaka hadi mwaka, na hilo ni jambo la kutuhuzunisha. Mstari wa ikweta unakatiza wilaya hii hii yetu. Barafu na ikweta, mahali pamoja. Ninyi mmezaliwa mkiiona, hamshangai. Lakini je, mnajua kwamba kuna wasomi waliokataa katakata kwamba jambo hili linawezekana?

Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani aitwaye Johannes Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro ukiwa na theluji kileleni. Akaandika. Habari ilipofika Ulaya, wako wataalamu wa jiografia mjini London walioipinga kwa miaka. Hawakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki. Walikaa wakapiga hesabu: ikweta jua ni kali, kwa hiyo theluji haiwezi kuwepo, kwa hiyo huyu mtu ameona mawe meupe. Na wenyeji walioishi chini ya mlima, walioijua theluji hiyo tangu enzi za mababu, nani aliwauliza?

Kosa lao lilikuwa wapi? Hesabu ya jua haikuwa na kasoro. Kosa ni kwamba walitazama jua peke yake, wakasahau kimo cha mlima. Ndugu zangu, kosa hilo hilo wanadamu tuliliendeleza angani kwa zaidi ya karne nzima. Tulitazama umbali wa sayari na jua, tukahukumu yote yaliyoko huko.

Usiku wa Januari 7, 1610, katika mji wa Padua huko Italia, Galileo Galilei alielekeza darubini yake kwenye Mshtarii. Akaona vinyota vitatu vimepangana mstari mmoja na sayari. Akadhani ni nyota za kawaida. Kesho yake akatazama tena, vimehama. Akatazama tena, vimehama. Januari 13 akaona cha nne. Kila usiku alichora kwenye daftari: duara kwa sayari, alama ndogo kwa kila kinyota. Michoro yake tunayo mpaka leo, na hata mtoto wa P.5, darasa la tano la msingi, anaweza kuichora.

Michoro hiyo ilimwonyesha kwamba vinyota vile vinne vinaizunguka Mshtarii. Haviizunguki Dunia. Wakati huo wasomi wengi waliamini kila kitu mbinguni kinatuzunguka sisi. Basi vitu vinne vilikuwa vimepatikana visivyotujali hata kidogo! Leo tunaviita Io, Europa, Ganymede na Callisto.

Niongeze hadithi moja fupi hapo, kwa ajili ya wanafunzi wa fizikia. Io huingia kwenye kivuli cha Mshtarii na kutoka kila mzunguko, kwa saa zinazoweza kutabiriwa. Mdenmark aitwaye Ole Rømer, akifanya kazi Paris, aligundua kwamba saa hizo huchelewa Dunia inapokuwa mbali na Mshtarii, na huwahi inapokuwa karibu. Mwaka 1676 alitangaza mapema kwamba tukio la Novemba 9 lingechelewa dakika kumi. Likachelewa dakika kumi. Io haukuwa umebadilisha mwendo wake. Mwanga ndio uliokuwa na safari ndefu zaidi ya kutufikia. Hapo ndipo wanadamu walipopata ushahidi wa kwanza madhubuti kwamba mwanga nao una mwendo, nao ukaanza kukadiriwa. Mwezi wa sayari nyingine ulitufundisha jambo hilo.

Sasa nataka tukae kwenye Io kwa muda, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Io una upana wa kilomita 3,643. Mwezi wetu una kilomita 3,475. Karibu sawa, sivyo? Io uko kilomita 422,000 kutoka katikati ya Mshtarii, na mwezi wetu uko kilomita 384,400 kutoka kwetu. Tena karibu sawa. Tofauti ni kwamba Mshtarii iko mbali na jua mara tano kuliko sisi, na mwanga unaofika huko haufiki hata sehemu moja ya ishirini na tano ya huu wetu. Basi mtu mwenye akili timamu angetabiri nini? Kwamba Io ni kama mwezi wetu tu, ila baridi zaidi. Mashimo, vumbi, ukimya.

Mwaka 1979 chombo cha Marekani, Voyager 1, kilikuwa kinaikaribia Mshtarii. Siku tatu kabla hakijapita, Machi 2, wanasayansi watatu, Stanton Peale, Patrick Cassen na Ray Reynolds, walichapisha hesabu zao katika jarida la Science. Walisema: utazameni Io kwa makini, huenda umeyeyuka ndani, huenda tukakuta volkano. Hawakuwa na picha hata moja ya kuwaunga mkono. Walikuwa na kanuni za mvutano, zile zile tunazofundisha S.3, mwaka wa tatu wa sekondari, wakazifuata mpaka mwisho bila kuogopa jibu.

Machi 5 chombo kikapita. Machi 8, kikiwa kimeshafika kilomita milioni nne na nusu upande wa pili, kikageuza kamera nyuma na kuupiga Io picha pamoja na nyota, ili waongozaji wajue chombo kiko wapi hasa. Picha hiyo haikukusudiwa kwa utafiti. Ilikuwa picha ya kazi, ya kutafutia njia. Kesho yake ikamfikia mhandisi kijana wa idara ya uongozaji, Linda Morabito. Akaongeza mwangaza ili nyota hafifu zionekane, na hapo kando ya Io akaona kitu kikubwa kimechomoza nje ya ukingo.

Angeweza kusema ni kasoro ya kamera, akaendelea na kazi yake. Hakufanya hivyo. Alianza kuondoa uwezekano mmoja baada ya mwingine. Je, ni doa la kamera? Hapana. Je, ni mwezi mwingine nyuma ya Io? Hapana, mwezi mkubwa hivyo ungekuwa umeonekana zamani. Mwishowe likabaki jibu moja. Ilikuwa volkano, inarusha vumbi na gesi karibu kilomita 300 juu. Wale watatu walikuwa wamesema kweli, na wino wa makala yao ulikuwa na wiki moja tu.

Vijana, huyo mhandisi alipata ugunduzi huo kwa sababu hakuidharau picha ya kazi za kila siku. Shikeni hilo.

Sasa swali. Moto huo unatoka wapi, kama hautoki kwa jua?

Aliyewahi kufika Mombasa ameona maji ya bahari yakijaa na kupwa, mita tatu au nne hivi. Ni mwezi wetu, pamoja na jua, vinavyoyavuta. Sasa geuza mambo: badala ya mwezi mdogo kuivuta Dunia, weka sayari yenye uzito wa Dunia 318 iuvute mwezi. Mshtarii inauvuta Io kwa nguvu za kutisha, na upande ulio karibu unavutwa zaidi kuliko upande wa nyuma, kwa hiyo Io wote unanyooshwa.

Lakini kunyooshwa tu hakutoshi. Kama Io ungezunguka kwenye duara kamili, ungenyooshwa mara moja ukabaki hivyo. Hapa ndipo miezi mingine inapoingia. Ganymede ukizunguka mara moja, Europa huzunguka mara mbili, na Io mara nne. Hukutana kwa mpango ule ule kila mara, huvutana kwa namna ile ile kila mara, na kwa hiyo njia ya Io haipati kamwe nafasi ya kuwa duara. Io husogea karibu na Mshtarii, husogea mbali, husogea karibu, husogea mbali, kila saa 42. Na kila mara ardhi yake hupanda na kushuka kwa kiasi cha hadi mita mia moja. Sisemi maji, nasema ardhi, mwamba mgumu.

Chukueni kipande cha waya, mkikunje na kukikunjua kwa haraka mara nyingi, kisha mguse pale kwenye kunjo. Ni moto. Hakuna aliyewasha kiberiti. Nguvu ya mkono wako imegeuka joto ndani ya chuma. Hivyo ndivyo Io unavyopata joto, na umekuwa ukikunjwa na kukunjuliwa tangu enzi na enzi.

Leo zaidi ya volkano 400 zinajulikana huko. Sisi tunaoishi kwenye Bonde la Ufa tunaijua volkano ni nini. Nyiragongo ilipolipuka Mei 22, 2021, ndugu zetu wa Goma walikimbia usiku na watoto mgongoni. Moto wa Nyiragongo unatokana na joto lililohifadhiwa tumboni mwa Dunia. Moto wa Io unatengenezwa upya kila saa 42 na mvutano peke yake. Jua liko mbali, na moto upo.

Mnanifuata? Haya, tusogee kwenye mwezi wa pili.

Europa nao unakunjwa na kukunjuliwa, ila kwa kiasi kidogo, kwa sababu uko mbali zaidi na Mshtarii. Uso wake ni barafu tupu, laini, yenye mipasuko mirefu. Chombo kilichopewa jina la Galileo kiliuchunguza kuanzia miaka ya 1990. Profesa Margaret Kivelson na wenzake, waliosimamia kipima sumaku chake, waliona kwamba Europa unaujibu usumaku wa Mshtarii kana kwamba ndani yake mna kitu kinachopitisha umeme. Barafu haipitishi umeme hivyo. Maji ya chumvi hupitisha. Leo wanasayansi wengi wanakubali kwamba chini ya ganda lile mna bahari, na makadirio yanasema maji yake yanaweza kuwa mara mbili ya maji ya bahari zetu zote. Na mwezi wenyewe ni mdogo kuliko huu wetu!

Ganymede ni mkubwa kuliko sayari ya Utaridi na una usumaku wake mwenyewe. Ni mwezi pekee unaojulikana kuwa nao. Nauacha hapo, maana nataka kuwapeleka Zohali.

Wazazi wangu, nani hapa amefika Sempaya, kule Bundibugyo? Naona mikono mingi. Mnajua basi jinsi maji yanavyotoka ardhini yakichemka, na wageni wanavyochemsha mayai humo. Na mmeona ule utando wa rangi pembeni ya maji moto, kijani na rangi ya kutu? Ule una uhai. Ni vijidudu vidogo vinavyoishi mahali ambapo mkono wako ungeungua. Na mwaka 1977, chini kabisa ya bahari ya Pasifiki karibu na visiwa vya Galápagos, watu walikuta chemchemi za maji moto zikizungukwa na viumbe wengi, minyoo mikubwa na kome, mahali ambapo mwanga wa jua haujawahi kufika. Msingi wa chakula chao ni vijidudu vinavyopata nguvu kutoka kwenye kemikali za maji yale.

Shikeni picha hiyo ya Sempaya, tunaihitaji.

Zohali ina mwezi mdogo uitwao Enceladus. Upana wake ni kilomita 504 tu, karibu sawa na safari ya basi kutoka Kampala hadi Arua. Mdogo sana. Mweupe sana. Jua kule ni hafifu, karibu sehemu moja ya tisini ya hili letu. Aliugundua William Herschel mwaka 1789, na kwa karibu miaka mia mbili ulikuwa nukta tu. Nani angeutegemea kitu?

Hapa naomba wasichana mnisikilize kwa makini. Alizaliwa Afrika Kusini mtoto wa kike, Michele Dougherty. Alipokuwa mdogo baba yake alitengeneza darubini nyumbani, na kwa darubini hiyo aliiona Zohali na miezi ya Mshtarii. Shule ya sekondari aliyosoma haikufundisha sayansi. Nasema tena: haikufundisha sayansi. Aliingia kwenye sayansi chuo kikuu kwa nguvu ya hesabu zake, akasoma Chuo Kikuu cha Natal, na baadaye akaenda London kufanya kazi katika Imperial College.

Chombo Cassini kilipofika Zohali mwaka 2004, Dougherty ndiye aliyeongoza timu ya kipima sumaku. Mwanzoni mwa 2005 chombo kilipita mara mbili mbali kidogo na Enceladus, na timu yake ikaona kitu cha ajabu: usumaku wa Zohali ulipinda karibu na mwezi ule, kana kwamba kuna gesi inayouzuia. Mwezi mdogo hivyo hauna nguvu ya kushika gesi. Basi gesi inatoka wapi?

Ilibidi aende kwa wakuu wa safari, watu wenye ratiba iliyopangwa miaka mingi nyuma, na kuwaomba wabadilishe njia ya chombo cha mabilioni ya dola kwa sababu mistari ya grafu imepinda. Fikirini ujasiri huo. Wakamkubalia. Julai 2005 Cassini kikapita kilomita chini ya 200 tu juu ya Enceladus. Na ndipo ikaonekana: kwenye ncha ya kusini kuna mipasuko mirefu, ina joto kuliko sehemu nyingine, na kutoka humo mvuke wa maji na chembe za barafu vinarushwa kwenda angani. Baadaye mwaka huo zikaja picha zenyewe. Pete moja kubwa ya Zohali imetengenezwa na barafu inayotoka kwenye mwezi huo mdogo!

Cassini kilipita katikati ya mvuke ule na kuuonja. Kikakuta maji, chumvi, kaboni ya aina nyingi, na hidrojeni. Kikakuta chembe ndogo za silika, yaani madini yaliyo kwenye mchanga, ambazo zinahitaji maji ya joto la nyuzi 90 hivi kugusana na mwamba ili zitengenezwe. Mwaka 2023 wachunguzi wa kumbukumbu zake wakatangaza kwamba mna pia fosforasi. Kwa maneno mengine, chini ya bahari ile huenda mna Sempaya. Jua liko mbali, na maji yanachemka.

Nisieleweke vibaya. Hakuna aliyekuta uhai huko. Hakuna. Mtu akikuonyesha video kwenye simu inayosema wamekuta samaki Enceladus, amekudanganya. Kilichopatikana ni mahitaji ya uhai, maji, joto na kemikali, mahali ambapo tulikuwa tumeandika "hakuna kitu".

Na liko jambo moja ninalolipenda sana katika historia hii. Cassini kilipokaribia kuishiwa mafuta, waongozaji walikuwa na hofu kwamba siku moja kingeweza kuanguka Enceladus au Titan, kikiwa na vijidudu vya Dunia vilivyojificha ndani. Basi Septemba 15, 2017 wakakielekeza ndani ya Zohali kikaungua chote. Chombo cha Galileo nacho kilitupwa ndani ya Mshtarii mwaka 2003 ili kisiichafue bahari ya Europa. Watu walichoma kazi ya maisha yao kwa heshima ya uhai ambao hawajui kama upo. Naona huo ni utu wa hali ya juu, na natamani tuwe na heshima ya namna hiyo kwa mito yetu hapa, kuanzia Nyamwamba.

Titan, kwa haraka. Ni mwezi mkubwa wa Zohali, kilomita 5,150, na ndio mwezi pekee wenye angahewa nzito. Hewa yake ni naitrojeni kama yetu kwa sehemu kubwa, na uzito wake unatukandamiza mara moja na nusu kuliko hapa. Baridi yake ni nyuzi 179 chini ya sifuri, na kwa hiyo mvua inayonyesha si ya maji bali ya methani, ambayo hapa kwetu ni gesi. Methani inanyesha, inatiririka kwenye mito, inajaa maziwa na bahari. Januari 14, 2005 chombo Huygens cha Ulaya kilishuka kwa parashuti na kutua. Kikapiga picha ya kokoto zilizosuguliwa zikawa mviringo, kama kokoto za mtoni. Kokoto zenyewe ni za barafu ya maji, maana kwa baridi ile maji ni jiwe. Mpaka leo hakuna mahali mbali zaidi na Dunia ambapo chombo chochote kimetua.

Uranusi na Neptuni zimetembelewa mara moja tu kila moja, na chombo kile kile, Voyager 2, mwaka 1986 na 1989. Mwezi mmoja wa Uranusi, Miranda, una genge ambalo huenda lina kimo cha kilomita 20. Pangeni milima ya Rwenzori mitatu mmoja juu ya mwingine, hamjafika. Na Triton wa Neptuni unazunguka kinyume na sayari yake, dalili kwamba haukuzaliwa pale bali ulinaswa ukipita. Joto lake ni nyuzi 235 chini ya sifuri, na hata huko Voyager 2 kilikuta michirizi ya gesi na vumbi ikiruka kilomita nane juu. Kwa maoni yangu ni aibu kwamba tangu 1989 hakuna aliyerudi.

Sasa, mzee mmoja aliniuliza mlangoni swali la haki kabisa. Alisema: mwalimu, mto ukifurika unatubebea nyumba, karo ni mzigo, wewe unatuletea habari za Zohali. Zinatusaidia nini?

Mzee wangu, sitakudanganya. Enceladus haitalipa karo ya mtoto. Lakini fikiria. Novemba 7, 2022 setelaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ilirushwa kwenda angani. Wahandisi watatu Waganda walijifunza kazi hiyo Japani wakaitengeneza. Setelaiti kama hizo hutazama ardhi, misitu, maji. Wahandisi hao walianzia darasani, kama hawa waliokaa mbele. Mtoto anayezoea kuuliza "joto hili linatoka wapi?" juu ya Io, atauliza pia "maji haya yanatoka wapi?" juu ya Nyamwamba. Nami siamini kwamba mtoto wa Kasese ana haki ya kujua mafuriko tu, asiwe na haki ya kujua bahari ya Europa.

Tena wakati ni wetu. Chombo JUICE cha Ulaya kiliondoka Aprili 2023, kitafika Mshtarii Julai 2031, na kipima sumaku chake kinaongozwa na Michele Dougherty yule yule. Europa Clipper cha Marekani kiliondoka Oktoba 14, 2024, kitafika Aprili 2030. Na chombo Dragonfly, chenye mapanga ya kurukia, kimepangwa kuondoka 2028 na kufika Titan 2034. Wewe uliye P.6 mwaka huu, Clipper kikifika utakuwa S.3. JUICE kikifika utakuwa S.4. Dragonfly kikitua, utakuwa umeingia chuo kikuu, na swali la data zile linaweza kuwa la kwako.

Ombi langu kwa walimu wakuu mliopo ni dogo. Kila shule ipate darubini moja ya macho mawili, ile ya kawaida ya watazama ndege, hata iliyotumika. Inatosha kuonyesha miezi minne ya Galileo, mkiiegemeza kwenye ukuta au mti isitetemeke. Pateni na daftari moja. Kila jioni yenye anga safi, wanafunzi wawili wachore duara na alama, waandike tarehe na saa. Baada ya wiki chache wapeni kazi ya kutafuta Io ni upi, bila kuwaambia. Msiwape jibu!

Na wazazi, mkiombwa ruhusa ya mtoto kubaki nje nusu saa baada ya chakula, mpeni, mkae naye.

Mvua hazijaanza, anga ni safi, na Mshtarii imeshapanda upande wa mashariki, juu ya barabara. Hapa kwetu ikweta mtaona miezi yake imesimama karibu wima, mmoja juu ya mwingine. Darubini iko uwanjani. Wazee wenye magoti mabaya viti viko karibu nayo, wao watangulie, kisha P.4 na P.5, halafu wengine kwa mstari. Daftari liko mezani pamoja na kalamu; kila atakayetazama achore alichoona kabla hajamuuliza jirani yake. Twendeni.